Tulivyoita Mipira kwa Sauti pale Umbilo

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nawaambia hivyo ninyi vijana mnaokuja uwanjani Jumamosi, mkiona mpira umepinda kidogo hewani mnafungua midomo. Nimetoka Uvira kwa miguu na kwa malori, nimeuza sigara moja moja kwenye robot, zile taa za barabarani, na shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu mwenyewe alikimbia vita akatuacha na chaki. Leo nina bakkie mbili, pikapu zinazobeba mboga mpaka Pinetown, na nyumba yangu ina geti la umeme. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza katika kazi ya besiboli, mpira uliponipiga kooni nikaanguka chali, sikushangaa. Nilinyamaza tu, maana sauti haikutoka.

Aliyenileta pale alikuwa Meneja wa kwanza, Mmeksiko, tuliyemwita Don Beto. Huko kwao alikuwa mdakaji kwa miaka mingi, halafu akawa meneja wa timu ndogondogo, halafu maisha yakamgeuza fundi wa makontena ya baridi melini. Meli ikamleta Durban, akaoa hapa, akabaki hapa. Kila wiki alikuja soko kubwa la mboga kutafuta pilipili kavu, na kila wiki aliondoka analalamika kwamba pilipili zetu ni za watoto. Mimi nilikuwa pale napakua kabichi. Mmoja yuko juu ya lori anarusha, wewe uko chini unadaka na kupanga, na aliye juu hakusubiri. Akasimama ananiangalia mpaka lori likaisha.

“Nani alikufundisha?” akaniuliza kwa Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kibovu sawa na changu, ndiyo maana tulielewana.

“Kufundisha nini?”

“Kudaka bila kuangalia mikono yako.”

Nikamwambia kabichi ikipasuka wanaikata kwenye hela yangu, hiyo ndiyo shule. Akacheka, akaniambia Jumamosi nije Umbilo, kuna uwanja, nivae suruali ninayoweza kuchuchumalia.

Niwaelezeni kazi yenyewe, kwa sababu siku hizi kila kijana anataka kuwa mrushaji, yule anayesimama katikati juu ya kichuguu na kutupa mpira watu wakamwangalia. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Nyuma yake kuna refa, mbele yake kuna mti wa kupigia unaopita karibu na masikio. Anavaa kofia yenye vyuma usoni, ngao kifuani, na magamba ya plastiki kuanzia goti mpaka kwenye kifundo. Wenzake wanane wote wanatazama upande wake, na yeye peke yake anatazama uwanja mzima. Don Beto alikuwa akisema mdakaji ni meneja ambaye bado hajaruhusiwa kukaa.

Alinifundisha kupokea mpira kama unapokea yai, bila kuurudisha nyuma, ili refa auone pale ulipofikia. Alinifundisha kumsalimia refa kwa jina, kumuuliza habari za nyumbani, na kutomgeukia hata siku moja kumbishia mbele za watu. Na alinifundisha vidole. Hii ndiyo siri ya kazi yetu. Kabla ya kila mpira, mdakaji anaweka mkono kati ya mapaja, mpigaji asione, na anamwonyesha mrushaji aina ya mpira anaoutaka. Kidole kimoja, mpira wa mbio. Viwili, mpira wa kona, ule unaopinda. Vitatu, wa polepole, unaotoka kama wa mbio halafu unachelewa, mpigaji anapiga upepo na kuzunguka kama mlevi. Mpigaji akijua mapema unakuja upi, hata mtoto wa shule atakupiga.

Mwaka wa kwanza niliumia vidole vinne. Mwaka wa pili hakuna aliyeniibia besi, yaani hakuna mkimbiaji aliyethubutu kuchomoka kwenda kituo cha mbele wakati mimi nimeshika mpira. Niulizeni klabu yoyote ya wakati ule. Wahindi, Wazungu, Wazulu, wote walijua Umbilo iko Mkongo nyuma pale, mkono wake ni bunduki. Mimi sijisifu, natoa taarifa.

Halafu akaja Deo. Deo ni Mrundi, kinyozi, saluni yake ilikuwa Umbilo Road, ghorofa ya chini ya fleti nilimokuwa nikikaa. Kwa wembe hakuna kama yeye. Anachora mstari wa nywele mwembamba kama uzi, wachungaji na mapleyboi wanapanga foleni moja. Nilimkuta nyuma ya saluni anarusha mpira wa tenisi juu ya paa la ghala ili mbwa wake azunguke kuufuata. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira ulipanda kama umevutwa na kamba. Nikamwambia aache mbwa apumzike, aje nami.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa vurugu. Nikionyesha kidole kimoja anarusha kona, nikionyesha viwili anarusha mbio. Mpira mmoja ulinipata begani, nikaomba muda nikaenda mpaka kwenye kichuguu.

“Mukubwa, hizi vidole ni za nini?” akaniambia, anatabasamu. “Sema tu kwa mudomo. Hapa nani anasikia Kiswahili?”

Wazo lilikuwa lake, sikatai. Lakini wazo bila mtu wa kulikubali ni maneno tu ya saluni, na mimi ndiye niliyelikubali. Tangu siku ile nikawa naita kwa sauti, kama mtu anayeita teksi: mbio, kona, polepole. Mpigaji anasikia, hajui kitu. Deo alitupa kila nilichotaka, na wapigaji wa Durban nzima wakaanza kurudi kwenye benchi wanatikisa vichwa.

Don Beto alikunja uso. Alisema huko kwao mchezaji akitangaza mpira kwa mdomo anarudishwa nyumbani kwa basi la usiku. Akaniuliza kama nina uhakika hakuna anayeelewa. Nilimwambia nina uhakika, na niliamini. Ninyi mliozaliwa hapa hamjui. Sisi tulizoea. Ndani ya teksi, benki, kwenye foleni ya makaratasi, unasema lolote juu ya mtu aliyesimama mbele yako, kofia yake, kitambi chake, hageuki. Ukikaa miaka mingi hivyo unaanza kufikiri lugha yako ni chumba chenye mlango, na ufunguo unao wewe na wenzako tu.

Don Beto alipostaafu na kurudi kwao, kamati ilimleta Meneja wa pili, bwana wa chuo mwenye kompyuta. Alitupima mbio, uzito, mapigo ya moyo, msimu mmoja, akapata kazi Cape Town. Wakati huo magoti yangu yalikuwa yanalia kama bawaba nikichuchumaa. Mwenyekiti wa klabu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata siku ya joto, akanipa timu “kwa muda”. Nikaacha magamba, nikavaa koti la meneja. Nyuma pale nikamweka Sbu, Mzulu wa Lamontville, mdakaji mzuri ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa yale maneno matatu. Mimi nikaita kutoka kwenye benchi, sauti yangu inafika mpaka barabarani.

Huo “muda” ulidumu misimu minne, na misimu mitatu ilikuwa mizuri. Wa nne tukaumwa. Wachezaji wawili walihama, mmoja akavunjika mguu, tukajikuta mkiani na timu moja ya Pinetown. Mmoja wetu atashuka daraja. Ligi ikaamua tucheze mechi mbili, Jumamosi mbili: ya kwanza Pinetown, ya pili Umbilo, na matokeo yakilingana ihesabiwe jumla ya mikimbio, yaani idadi ya watu waliozunguka wakarudi nyumbani.

Mwenyekiti aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. “Bwana meneja, sitakuficha,” alisema. “Tukishuka, kamati italeta mtu mwenye cheti cha ukocha. Wameshamwona. Tukibaki, nitakutetea na hawatanigusa.”

Nikamwambia asipoteze usingizi. Lakini nilipotoka nilikaa ndani ya bakkie bila kuwasha injini. Mboga zinanilisha, hiyo kweli. Lakini kwenye mboga mimi ni mtu wa kabichi. Uwanjani pale watu waliosoma waliniita meneja, na wanangu walisikia.

Pinetown walitupiga nane kwa tano. Deo alirusha vizuri kuliko wiki zote, na walimpiga kama wanamjua tangu tumboni. Mpira wa polepole ukija, wanausubiri, wametulia, kama watu wanaongoja chai ipoe. Nikabadilisha mpangilio, wakausubiri mpangilio mpya. Sbu akaja kwenye benchi akaniambia, “Eish, coach, hawa wanasoma akili yako.” Nikamjibu akili yangu haijawahi kusomwa na mtu.

Mchezo ulipoisha nilikuwa napakia vifaa. Mzee mmoja Mhindi akanijia, amevaa sweta na kofia ya kitambaa, ana chupa ya chai mkononi. Nilikuwa nimemwona mchezo wote amekaa nyuma ya waya, upande anaoutazama mpigaji.

“Hamjambo, bwana meneja,” alisema. “Poleni kwa kazi. Yule kijana wako ana mkono, ila mnampa polepole mara nyingi mno.”

Kiswahili kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa kimepigwa pasi. Nilishika ule mfuko wa magamba, sikujua niuweke wapi. Sikushangaa.

“Shikamoo, mzee,” nikasema.

“Marahaba. Mimi Nurdin, mzaliwa wa Tanga. Nilikuja huku kuoa, nikazeeka huku. Kiswahili chenu mnakivunjavunja, usinichukie, lakini maneno matatu hayanishindi.”

Alinieleza bila kuficha. Mjukuu wake alikuwa akichezea Pinetown. Mapema msimu ule alikuja kumtazama dhidi yetu, akasikia mtu anapiga kelele kwa Kiswahili uwanjani, jambo ambalo hakulisikia Durban tangu afike. Akarudi mechi iliyofuata kwa ajili ya kusikiliza tu. Alikuwa anacheka peke yake nyuma ya waya, vijana wakamuuliza anacheka nini. Akawaambia. Baada ya hapo wakamwekea kiti. Kofia ikiwa kichwani, mpira wa mbio, akiivua, polepole, akishika chupa ya chai, kona.

“Ningewakataliaje?” akasema. “Ni mjukuu wangu. Lakini nimeona aibu, ndiyo nimekuja kukusalimia.”

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa na miaka ya baba yangu, na alikuwa amekaa kwenye upepo mchezo mzima ili asikie mimi nikibwata. Nikamwambia Jumamosi ijayo aje Umbilo, kiti kipo.

Jumanne nikaitisha mazoezi. Nikasema kuanzia leo ni vidole, sauti basi. Sbu alifurahi, maana alijifunza vidole tangu shule. Deo akaanza sababu. Vidole vinamchelewesha. Bega linauma. Jua linampiga machoni, na jua lenyewe lilikuwa limeshazama nyuma ya fleti. Nikamtoa Sbu, nikachuchumaa mwenyewe na magoti yangu mabovu, nikaonyesha kimoja. Akarusha kona. Nikaonyesha vitatu. Akarusha mbio, ikanifikia kifuani, sina ngao. Nikaenda mpaka kwenye kichuguu, nina hasira, nikainua vidole viwili mbele ya uso wake.

“Ngapi?”

“Mbili.”

Nikarudi nyuma hatua chache, nikabadilisha. “Ngapi?” Akasema tatu. Nikarudi tena. Akakunja macho.

“Deo, ngapi?”

“Mukubwa, pale sione vidole,” alisema taratibu, anaangalia viatu vyake. “Naona weye. Naona glavu, ni kubwa. Vidole, hapana. Hata siku ya kwanza sikuviona.”

Miaka yote ile. Mtu anayechora nywele kama uzi, kwa sababu kichwa cha mteja kiko karibu na pua yake. Niliketi kwenye nyasi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

“Ningekuambia, ungenitoa. Na kila siku weye unasema wewe hakuna kitu kinakupita. Nikasema basi, huyu anajua, ananisitiri. Nikakuheshimu.”

Nikainuka, nikatoa simu.

Nilimpigia simu Mwenyekiti, nikamwomba klabu imnunulie Deo miwani. Akasema bajeti ya msimu imefungwa, na zaidi ya hayo, mrushaji asiyeona alipaswa kugunduliwa na meneja. Alikuwa na haki, lakini aliisema kwa ile sauti ya kumwambia mtoto avue kofia darasani. Nikamwambia shap, sawa, nimekusikia, nikakata.

Jumatano nilimfungia Deo saluni yake kwa mkono wangu, nikampeleka kwa daktari wa macho wa mle mle Umbilo Road. Akakalishwa mbele ya ubao wa herufi. Alisoma ile kubwa ya juu, na ya pili alibahatisha. Binti aliyekuwa anampima akaniuliza huyu bwana anafanya kazi gani. Nikasema kinyozi, na pia anarusha mipira kuelekea nyuso za watu. Akaandika kitu, hakucheka.

Waliomba wiki moja kutengeneza. Nilikaa kwenye kiti chao nikawaambia sina wiki. Nilieleza habari ya Pinetown, ya kushuka daraja, ya cheti, ya Mzee Nurdin na kofia yake, mpaka wateja wengine wakaanza kusikiliza. Ijumaa mchana miwani ikawa tayari. Deo akaivaa pale mlangoni, akageuka kunitazama, akanikagua usoni muda mrefu kama anataka kuninyoa.

“Mukubwa,” akasema, “kumbe umezeeka.”

Jumamosi Mzee Nurdin alikuja na chai yake. Nilimwekea kiti nyuma ya waya mimi mwenyewe, na nikamwambia ukweli kama yeye alivyoniambia: leo nitasema mengi, usiyaamini yote. Akasema mchezo ni mchezo. Nikakaa kwenye benchi nikaanza kuita kama zamani, sauti mpaka barabarani. Naita polepole, chini pale Sbu anaonyesha kidole kimoja. Mzee anavua kofia kwa uaminifu, maana alishawaahidi vijana wake, mpigaji anatulia kungoja, na mpira wa mbio umeshampita uko ndani ya glavu. Zamu mbili walipiga upepo. Zamu ya tatu mjukuu wake mwenyewe akaja kwenye waya akamwomba avae kofia yake asiivue tena. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikamtupia salamu ndefu kutoka kwenye benchi, za nyumbani, za afya, za watoto, akanijibu moja moja. Refa alituangalia, hakujua aandike nini.

Tangu hapo haikuwa hila tena, ilikuwa ni Deo na macho yake. Tulihitaji kuwashinda kwa mikimbio minne. Mpaka zamu ya mwisho tulikuwa saba kwa tatu, nao walikuwa na watu wawili kwenye besi na mpigaji wa mwisho aliyebakiwa na kosa moja; mmoja akirudi nyumbani tunalingana jumla, wa pili naye akirudi tunashuka, na Mwenyekiti anamfungulia mlango yule mwenye cheti. Sbu alimgeukia Deo akaonyesha vidole vitatu. Mimi nisingethubutu. Niliona Deo anainamisha kichwa kidogo, anasukuma miwani juu ya pua kwa kidole, anakubali. Mpira ulitoka kama wa mbio. Mpigaji alizungusha mti mapema, na mpira ukafika baadaye, peke yake, ukaingia ndani ya glavu bila kelele. Refa akainua mkono: mpigaji ametoka, mchezo umekwisha, tumebaki daraja letu.

Nilikaa na timu ile misimu mingine mitano. Kamati haikuniuliza cheti tena, na Mwenyekiti, Mungu amweke, alinipigia makofi siku ya kustaafu mpaka tai yake ikahama. Sasa meneja ni Sbu. Deo anawafundisha warushaji, na kabla ya yote anawasimamisha mbali na kuwauliza vidole vingapi. Mzee Nurdin hukaa nami kwenye benchi la nje, mjukuu wake siku hizi anachezea sisi, na mzee ananisahihisha nikisema iko badala ya kuna.

Mnaniuliza namna ya kuwa meneja, kama kuna kitabu. Sijasoma kitabu. Nasema waangalieni watu wenu wanapokosea kitu kilekile kila mara, halafu waulizeni kwa upole, na mkiuliza nyamazeni kwanza. Mimi nilichelewa kuuliza. Klabu haikunirudishia hata senti ya ile miwani, na mimi sikudai, maana nilitaka risiti iandikwe kwa jina langu. Kupima macho, fremu, vioo vigumu visivyovunjika, haraka ya siku mbili, na ule mkanda wa mpira wa kushikilia nyuma ya kichwa: randi elfu mbili mia tisa na thelathini na tano.